Daftari la Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Leo mashine imewashwa rasmi. Mkuu wa kitengo amemgawia kila mmoja wetu daftari jipya, akatuambia tuandike kila kasoro tutakayoiona na tarehe yake, ili waliotuuzia waje wairekebishe. Langu nimelipokea kwa furaha isiyo ya kiungwana. Nina hakika litajaa kabla mvua hazijaanza.

Nieleze kazi yenyewe, maana mume wangu ameapa atalisoma daftari hili na haelewi hata robo. Tunaletewa damu, au uboho uliovutwa mfupani. Tunaziotesha seli, tunazidondosha kwenye kioo, tunazipaka rangi. Seli inayojigawa huonyesha kromosomu zake arobaini na sita, zimetawanyika kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Sisi huzipanga mbili mbili, kuanzia kubwa hadi ndogo, tuone kama kuna iliyozidi, iliyopungua au iliyokatika. Miaka ishirini na sita nimezipiga picha, nikazikata kwa mkasi, nikazibandika kwa gundi. Ndiyo maana jengo zima linaniita Mkasi. Sasa mashine inapiga picha yenyewe, inakata yenyewe, inapanga yenyewe, halafu inaniuliza kwenye kioo chake: Unakubali?

Jumatano, 5 Machi

Imekuta tone la rangi iliyoganda ikaliita kromosomu Y, ile ya kiume. Mgonjwa ni mama wa watoto sita. Kasoro ya kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Kasoro nne. Imegeuza namba saba miguu juu kichwa chini. Imezichukua mbili zilizopishana ikazifanya moja. Nyingine mbili sina nguvu ya kuziandika.

Mume wangu alinipokea mlangoni akaniuliza, "Mke mwenzio ameamkaje leo?" Tangu siku ya kwanza anaiita hivyo. Nimemwambia mke mwenza angalau hupika. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Siku za unyevu kioo hakikauki upesi, na kromosomu hutawanyika mno, za seli moja zikaingia kwa jirani. Dawa yake ni kuweka taa karibu na sinia na kudondosha kutoka chini chini. Hilo mashine haijui. Nimewaonyesha wenzangu wote wawili, na Mkuu akasimama nyuma akitazama kama zamani.

Mkuu alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimpokea hapa akiwa hajui kushika kioo bila kuacha alama ya kidole. Leo ndiye anayenisainia likizo. Mbele za watu ananiita Mama, kwa adabu zote, na hajawahi kunikatisha neno. Lakini nikimwona anavyoisifu ile mashine, najisikia kama sufuria iliyotoboka inayosubiri kutupwa.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha wiki. Ukutani kulikuwa na jedwali: kila mtu na idadi ya wagonjwa anaowamaliza kwa siku. Wenzangu wawili, kila mmoja kumi na mmoja. Mimi wanne. Mkuu alipita haraka kwenye jina langu, na huko kupita haraka ndiko kulikoniuma. Kungekuwa na lawama ningejitetea.

Sababu naijua. Mashine huzipa seli alama. Zilizotawanyika vizuri, zenye mistari inayosomeka, inazitanguliza. Zilizosongamana na zenye ukungu inazitia kwenye folda iitwayo Mabaki. Wenzangu wanasoma ishirini nzuri za kwanza wanamaliza. Mimi nafungua Mabaki kila mara. Nimewafundisha wote, na Mkuu akiwa mmoja wao: ukiletewa uboho wa mgonjwa wa saratani ya damu, anza na seli mbaya. Seli nzima hujigawa kwa utulivu na hupendeza. Iliyougua hujigawa mbio, na kromosomu zake hutoka fupi, nene, zimekunjamana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye kioo kibaya hakijitembezi. Kinakaa pembeni kimya mpaka ukitafute.

Nimetoka kikaoni nikisema moyoni kwamba wiki ijayo jedwali litanijua mimi ni nani.

Jumanne, 18 Machi

Imeletwa sampuli ya uboho na ndugu wa mgonjwa badala ya mhudumu wa wodi, kwa sababu lifti ya jengo la wodi imeharibika kwa maji. Mwanamume mpana, viatu vimejaa saruji iliyokauka. Ni fundi mwashi. Mgonjwa ni dada yake, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, miaka thelathini na nane. Aliibeba ile chupa kwa mikono miwili.

Aliniuliza tunatafuta nini hasa. Huwa siwaelezi, lakini mvua ilikuwa inamwagika na hakuwa na pa kwenda. Nikamwambia aina ya saratani aliyonayo dada yake ina sura mbili. Kwa wengine, kipande cha kromosomu ya tisa na kipande cha ya ishirini na mbili hubadilishana mahali. Tukikiona hicho, kuna vidonge maalumu vinavyoongezwa kwenye matibabu, na bila vidonge hivyo dawa za kawaida mara nyingi hazitoshi. Tusipokiona, atapewa dawa za kawaida peke yake.

"Kwa hiyo macho yako ndiyo yatakayoamua," akasema.

Nikamwambia siku hizi kuna mashine. Nadhani nilisema kwa kejeli.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Wagonjwa tisa. Kasoro hakuna, au sikuzitafuta.

Jumatano, 26 Machi

Kumi na wawili leo. Wa mwisho alikuwa dada yake fundi. Seli ishirini, zote nzuri ajabu, sijaona uboho uliotawanyika vile mwaka huu. Arobaini na sita kila moja, jozi zote kamili. Dakika thelathini na tano. Nikaweka saini ya msomaji wa kwanza, Mkuu akaweka ya pili kabla ya kwenda nyumbani. Alinigusa bega akasema, "Mama, umeizoea." Nimerudi nyumbani nikamwimbia mume wangu jikoni.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu ya mwalimu yametoka: kawaida. Fundi alikuja dirishani kunishukuru. Sikuwa nimefanya lolote la kushukuriwa, lakini nilipokea.

Jumanne, 1 Aprili

Jedwali: mimi wa kwanza.

Jumatatu, 7 Aprili

Paa la nyumba linavuja juu ya kabati. Mume wangu amepanda na lami, ameshuka na lami kichwani.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Kumi na watatu.

Jumatano, 23 Aprili

Fundi amerudi. Nilidhani ameleta sampuli nyingine, lakini mikono yake ilikuwa mitupu. Aliuliza kama naweza kumsomea tena yale majibu, polepole. Nikamsomea. Akaniambia mzunguko wa kwanza wa dawa umekwisha na damu ya dada yake haijasafika hata kidogo, na madaktari wanashangaa, kwa sababu kwa majibu yale walitarajia nafuu. Wanataka kumpa dawa kali zaidi, naye amebaki mifupa. Hakuja kulalamika. Alitaka tu kujua kama kuna kitu kwenye ile karatasi ambacho yeye, mtu wa matofali, hakukielewa.

Nilimwambia hakuna. Aliposhika njia nikabaki nimeshika kingo za dirisha. Nilikuwa nimekumbuka jinsi zile seli zilivyokuwa nzuri.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mtu yeyote. Vioo vyote tunavihifadhi kwenye masanduku kwa namba. Nikatoa chake. Sikuwasha mashine. Nilikaa kwenye hadubini ya zamani ile iliyosukumwa karibu na sinki, nikaanza kama nilivyokuwa nikianza miaka yote, pembeni ya kioo, kwenye seli ambazo mtu angezipita.

Ya kwanza haikusomeka. Ya pili haikusomeka. Ya tatu nikaipata namba ishirini na mbili moja, nikatafuta mwenzake. Alikuwepo. Alikuwa mfupi mno, amebaki kisiki. Nikaenda kwa namba tisa: moja ya kawaida, moja ndefu kuliko inavyopaswa. Nikaondoa macho, nikafuta kioo cha hadubini, ingawa hakikuwa kichafu. Nikaangalia tena.

Nilihesabu seli mbaya kumi na nne zilizosomeka. Kumi na moja zilikuwa na kisiki kile.

Ndipo nikawasha mashine. Nilitaka sana, naandika hili kwa sababu daftari ni langu, nilitaka sana nikute haikuziona. Nilikuwa nimeshaitunga sentensi ya kuandika humu: kasoro kubwa kuliko zote. Nikafungua faili lake, nikafungua Mabaki. Zote zilikuwemo. Mashine ilizipiga picha moja baada ya nyingine, ikazipa namba, ikaziweka pale ambapo ningezikuta kwa kubonyeza mara moja. Chini kulikuwa na mstari: Mabaki hayajafunguliwa. Mstari huo ulikuwa pale siku niliposaini.

Nimeketi hadi wenzangu walipoanza kuingia. Nimelisoma daftari hili toka mwanzo. Kurasa za mbele nimeandika tone la rangi na kromosomu iliyopinduka, vitu ambavyo mtoto angeviona. Kosa la 26 Machi nimeliandika kama siku njema. Hata kuimba nimekuandika.

Sikuwa mgonjwa siku ile, wala sikuwa nimechoka. Nilikuwa nataka jedwali.

Ijumaa, 25 Aprili

Jana hiyo hiyo nilimpigia daktari wa wodi kabla sijamwambia mtu mwingine, na vidonge vimeagizwa. Leo ndipo ninayaandika ya kwa Mkuu, maana jana niliandika ya asubuhi tu.

Nilimwekea kioo kwenye hadubini nikamwomba atazame. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kama nilifungua Mabaki. Nikasema sikufungua. Nikamuuliza yeye, kwa sababu msomaji wa pili kazi yake ni kusoma upya, si kupamba karatasi.

"Sikufungua, Mama," akasema. "Niliona saini yako."

Nikamwambia saini si seli.

"Najua. Lakini ningekukaguaje wewe? Kila ninachokijua umenipa wewe. Ningejiona kama namchungulia mzazi wangu." Alikuwa analia sasa, bila sauti. "Sijawahi kukukagua hata mara moja. Tangu nilipopewa cheo. Nasaini tu."

Nilikaa chini. Wiki zote hizi nimemwona kama mtu aliyeniletea mke mwenza ili anitoe nyumbani, kumbe alikuwa ananiogopa kwa heshima. Mimi ndiye niliyemfundisha heshima hiyo. Nilipenda sana alivyokuwa haniulizi maswali.

Mchana alitupigia mtu wa utawala. Kwa upole sana akasema barua ya marekebisho inaweza kutaja hitilafu ya mfumo mpya, jambo linaloeleweka, na hakuna atakayeumia. Mkuu alinitazama. Yeye ndiye aliyekuwa na cheo cha kupoteza. Akamjibu kwamba mfumo haukuwa na hitilafu. Akaandika mwenyewe: wasomaji wote wawili hawakufungua sehemu ya picha zinazotakiwa kusomwa. Akasaini, akanisogezea kalamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, na hapa kifo si chetu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda wodini. Mkuu alitaka kuja, nikamwomba aniachie mimi.

Mwalimu wa hesabu ni mwembamba kuliko nilivyodhani, kitambaa cha bluu kichwani, miwani. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki miguuni. Nikaeleza. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakanitoka yote, nikabaki na yale mafupi: kitu kilikuwepo, sikukitafuta, nikaandika hakipo.

Fundi aliinuka akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Nilimwona anavyokunja na kukunjua vidole.

Mwalimu aliomba karatasi. Akataka nimchoree. Nikachora ya tisa, nikachora ya ishirini na mbili, nikaonyesha palipokatika na palipoungwa. Aliuliza maswali mazuri, kwa mpangilio, kama mtu anayesahihisha. Akauliza ni siku ngapi zimepotea. Nikasema toka majibu yalipotoka hadi nilipoona ni siku ishirini na saba.

"Na zile nzuri ulizozisoma zilikuwa zangu pia?"

Nikasema zilikuwa zake, seli zake nzima zilizobaki.

"Nimesahihisha madaftari miaka kumi na minne," akasema. "Mtoto mwenye mwandiko mzuri nilimwekea vema kabla sijamaliza kusoma. Nilijua nafanya hivyo, na niliendelea." Akaikunja ile karatasi niliyochora akaiweka chini ya mto. "Sijui kama nimekusamehe. Nikipona nitakuambia."

Fundi hakugeuka hadi nilipotoka.

Ijumaa, 2 Mei

Jedwali limetolewa ukutani. Misumari imebaki.

Jumatano, 7 Mei

Tumepata onyo la maandishi, mimi na Mkuu, karatasi zinazofanana. Mume wangu ameisoma yangu mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akaenda kuchemsha maji ya kuoga. Hajataja mke mwenza tangu siku ile.

Jumatatu, 12 Mei

Utaratibu mpya, na ni wazo la Mkuu. Msomaji wa kwanza na wa pili kila mmoja anasoma peke yake, anaandika hesabu yake kwenye karatasi, anaigeuza uso chini. Hakuna anayeona saini ya mwenzake. Ndipo zinafunuliwa pamoja. Mashine inatupangia picha, na Mabaki yanafunguliwa kabla ya yote. Tunakwenda taratibu. Leo tumetofautiana mara mbili, na mara zote mbili Mkuu amekubali yangu upesi mno. Nikamwambia atazame tena. Akatazama tena, akakubali tena. Sikuridhika.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua zimepungua. Vioo vinakauka vyenyewe.

Jumatano, 28 Mei

Fundi alipita nje, hakuja dirishani. Nilimuuliza muuguzi. Vidonge vinamkubali mwalimu, homa imeshuka, anakula.

Jumatatu, 9 Juni

Uboho wa mwalimu umeletwa, wa kuangalia kama vidonge vimefanya kazi. Safari hii ulikuja na mhudumu. Nimeuotesha mwenyewe.

Jumanne, 17 Juni

Nimesoma asubuhi yote. Nilianza na Mabaki. Seli thelathini, nzuri kwa mbaya, moja moja, nikitafuta kisiki. Sikukipata. Nikaandika: thelathini, sifuri. Nikageuza karatasi uso chini, nikaenda chooni nikalia kwa furaha, naliandika hili bila aibu.

Niliporudi Mkuu alikuwa amemaliza. Karatasi yake ilikuwa mbele yake na kiganja chake kilikuwa juu yake. Nikafunua yangu. Yeye hakufunua. Nilimsubiri. Niliona anavyoisoma sifuri yangu, kisha akanitazama kwa uso ule wa mwanafunzi aliyevunja chupa.

Nikamwambia afunue.

"Mama, nisamehe," akasema. "Umekosea." Akafunua. Thelathini, moja.

Alinionyesha seli yenyewe. Namba yake kwenye Mabaki ni kumi na saba. Kromosomu zimesongamana upande mmoja, na mashine ilishindwa kuzipanga, ikaziacha. Namba ishirini na mbili mfupi alikuwa amelaliwa na mwenzake, anatokeza kidogo. Niliijua ile seli. Nilikuwa nimeisoma saa mbili kabla. Niliifikia, nikakiona kile kisiki, nikasema moyoni kimejikunja tu, nikaendelea. Mara ya kwanza sikutazama. Mara hii nilitazama, nikajikubalia ninachokitaka.

Nilikata ile sifuri kwenye karatasi yangu, nikaandika moja, na kwenye fomu ya majibu nikasaini chini ya saini yake. Imekaa vizuri pale chini.

Jumatano, 18 Juni

Jua tangu asubuhi.

Daktari wa wodi amepiga simu mapema. Moja kati ya thelathini ni nafuu kubwa, lakini maadamu ipo, hakuna kupunguza dawa kama walivyokuwa wamepanga. Kama tungeandika hakuna, wangepunguza wiki hii.

Fundi alikuja kabla ya saa sita. Alisimama dirishani, si karibu sana. Sikuwa nimeuona uso wake tangu siku ile ya wodini. Hakunisalimia, akauliza tu, "Imekwisha?"

"Imebaki moja," nikamwambia. "Dawa inaendelea mpaka nayo iishe."

Alitikisa kichwa polepole. Akalipima lile jibu kama mtu anayekagua ukuta uliojengwa na mwingine. Kisha akauliza ni nani aliyeiona hiyo moja, mimi au mashine.

Nikageuka, nikamwita Mkuu aje dirishani.